Ugonjwa Uliokuja kwa Kiingereza

"Rudia," Nzisa alisema. "Rudia vile ulinifundisha, na hawa wote wasikie."

Waringa hakurudia. Alisimama mlangoni kwake ameshika kitasa, nusu ndani nusu nje, kama mtu anayeficha sufuria iliyoungua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mambo kama hayo huzungumzwa ndani. Nzisa akamjibu kwamba ya ndani yameshamtosha, leo ni koridoo, chini ya nguo za watu zilizoanikwa.

"Sikukudanganya, Mama Mbeti," Waringa akasema. "Fungua kamusi yoyote. Nililokwambia limo."

"Limo. Na lile hukuniambia, halimo?"

Hapo ndipo nilipoliacha jiko bila kuliwasha. Viazi karai vinaweza kungoja, mafuta hayaozi, lakini ugomvi wa watu wawili ambao hawajawahi kugombana hauji mara mbili. Mimi ni Mama Kui. Nyumba yangu iko katikati ya hao wawili, ghorofa ya pili ya ploti yetu hapa Kariobangi: kushoto Nzisa fundi wa kushona sare za shule, kulia Waringa mwalimu wa Kiingereza. Ukuta wangu mmoja husikia cherehani, wa pili husikia watoto wa tuisheni wakiimba vitenzi. Mimi nikiwa hapo katikati, pazia limefungwa fundo na mlango wazi, kila anayepanda ngazi huingia kuniambia alikotoka. Kwa hiyo nikisema jambo hili nalijua tangu lilipoanza, sijisifu.

Lilianza na Munyao, mume wa Nzisa. Munyao ni karani wa ofisi ya kusafirisha mizigo, mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya kufua, na ugonjwa wake wa miaka yote ni Kiingereza. Akigombana na keateka, mtunza ploti, juu ya maji ni Kiingereza. Akiomba chumvi ni Kiingereza, kisha anakumbuka yuko nyumbani, anaiomba tena kwa Kiswahili. Hununua vitabu vya hadithi vya mtumba vilivyotandazwa barabarani, vile vilivyotoka majalada, anavisoma, kisha anambishia mlango Waringa wabadilishane. Basi walikuwa wakisimama koridoo wakibishana juu ya watu wasiokuwepo: huyu mwanamke alikosea kuolewa na yule bwana mkubwa, hapana, hakukosea, angefanya nini. Nzisa naye alikuwa akitoka na futi shingoni, akisimama kando yao kusikiliza. Walipocheka naye alicheka, ila kicheko chake kilifika kikiwa kimechelewa kidogo, kama mtu anayefuata wimbo wa kanisa la wengine.

Kiingereza cha Nzisa ni cha vibao vya dukani na cha hospitali. Haikumsumbua. Kwa Kikamba na Kiswahili hakuna mtu anayeweza kumnyamazisha, na kwenye ushirika wa akina mama yeye ndiye huongoza maombi. Alikuwa akiniambia yeye ana bahati: wanaume wengine huwa na urafiki na chupa, wa kwake ana urafiki na mwalimu, na tena mwalimu mwenyewe ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Hao wawili hawakunyimana kitu. Waringa alipolazwa, aliyemwogesha ni Nzisa. Mbeti, binti wa Nzisa, alipokaribia kufeli, aliyekaa naye kila jioni mpaka akapita ni Waringa.

Basi mwaka huu, mvua zilipokaribia, Munyao akabadilika. Akaanza kuacha nusu ya ugali. Akawa mtu wa kuitazama balbu na kushusha pumzi. Ukimsalimia kwenye ngazi anakujibu ukishafika chini. Jioni moja akapanda na simu juu kwenye paa, pale tunapoanika nguo, na Nzisa akapanda nyuma yake kuwahi mashuka kwa sababu wingu lilikuwa limesimama upande wa Njiru. Akamsikia akiongea upande wa pili wa shuka. Kiingereza, tena kile cha polepole. Maneno aliyoyashika ni machache, lakini kuna moja alilolirudia mara kadhaa, na kila akilirudia sauti ilishuka: I am smitten.

Nzisa hakulijua. Alichojua ni ile sauti. Aliniambia haikuwa sauti ya mtu mwenye raha; ilikuwa sauti ya mtu anayelia amefunga meno.

Akaacha mashuka yalowe. Akashuka akilisema lile neno chinichini lisimponyoke, smiten, smiten, smiten, kama mtoto aliyetumwa dukani. Akapita jiko langu bila salamu. Nilipomuuliza anatafuna nini alinipungia mkono tu, nisimchanganye. Akaingia kwa Waringa.

Waringa alimwambia arudie. Akarudia. Waringa akamuuliza amelisikia wapi, naye akamwambia. Kisha, kwa maneno ya Nzisa mwenyewe, mwalimu aliinuka akaweka chai motoni na akaongea akiwa amempa mgongo. Akasema hicho ni kitenzi cha zamani ambacho siku hizi watu hawakinyumbui. Leo ni smite, jana ni smote, na aliyetendwa ni smitten. Maana yake ni kupiga, lakini si kupiga kwa fimbo. Ni ile ya Maandiko ya Kiingereza cha kale, Mungu anapoinyanyua mikono yake akawapiga watu kwa tauni na majipu. Smitten ni aliyepigwa.

Nzisa akauliza amepigwa na nini.

Waringa akajibu kwamba neno lenyewe halisemi. Yaweza kuwa ni maradhi, yaweza kuwa ni roho.

Hayo nayajua kwa sababu Nzisa alipotoka huko alikuja kwangu moja kwa moja, machozi yamefika kidevuni, akanieleza yote kuanzia shuka la kwanza, na mimi nikawaeleza wachache ambao nilijua watamwombea.

Na kweli aliombewa. Kabla juma halijaisha akina mama wa ushirika walijaa kwake na chupa ya mafuta, mwenyekiti wao Kavindu akiwa mbele. Munyao aliporudi kutoka kazini aliwakuta wamesimama duara, na katikati pana stuli tupu inayomngoja. Akasema yeye mzima. Kavindu akamwambia wagonjwa wote husema hivyo. Akauliza basi anaumwa nini. Nzisa akajitokeza, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kiingereza: smitten.

Mimi nilikuwa kwenye pazia la mlango na uso wa Munyao niliuona vizuri. Damu yote ilishuka. Kisha akauliza, polepole sana, ni nani aliyemweleza hilo neno. Nzisa akasema ni Mwalimu, akamweleza na maana, kupigwa. Na damu ikarudi usoni kidogo kidogo, kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi akajikuta bado amesimama. Akakaa kwenye stuli. Akainamisha kichwa wakampaka mafuta, na wakati wa amina sauti yake ilizidi zote.

Kesho yake asubuhi nilimwona mlangoni kwa Waringa. Waliongea Kiingereza, kwa haraka, bila kubishana, na hakuwa na kitabu mkononi. Nikafikiri amekuja kushukuru.

Baada ya hapo pakatokea mtumishi wa Njiru. Munyao alisema ameelekezwa kwa mtu wa maombi huko, kando ya barabara ya Kangundo, anayewaombea waliopigwa, lakini mpaka uende mwenyewe kila Jumamosi, wala si vizuri kwenda na mke maana maombi ni ya mtu mmoja. Nzisa akampa baraka zote. Kila Jumamosi aliamka mapema akachinja kuku au akapika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, akajaza hotpoti ile ya maua inayotunza chakula kikiwa moto, akamfungia mumewe ampelekee mtumishi, kwa sababu huwezi kwenda mikono mitupu mbele ya anayekuombea. Hotpoti ilirudi imeoshwa ikang'aa, inanukia sabuni ya ndimu. Kwa Nzisa hakuna sabuni ya ndimu. Alinipa niinuse, akasema, waona watu wa Mungu walivyo wasafi.

Na Munyao akapona. Hilo hakuna aliyeweza kulikataa. Ugali akaumaliza, akaanza kupanda ngazi akipiga mluzi, akanunua shati jipya. Nzisa akaniambia maombi yanafanya kazi na macho yake yakajaa, akaamua atatoa ushuhuda. Mimi nilidhani ni kwenye ibada ya Kiswahili, ya watu wazima, mahali tunapomwelewa. Hapana. Alitaka ile ya asubuhi, ya Kiingereza, ya vijana.

"Ugonjwa ulikuja kwa Kiingereza," alisema. "Acha na shukrani ziende kwa Kiingereza."

Akaenda kwa mwalimu afundishwe. Hili ndilo linalonikata maini mpaka leo, kwa sababu nililisikia kwa masikio yangu nikimenya viazi. Jumamosi, Munyao ameshaenda Njiru na hotpoti yake, hawa wawili wamekaa kwenye vigoda hapa koridoo kama siku zote. Nzisa anasema, God smited him. Waringa anasema, smote. Nzisa anasema, my husband was smote. Waringa anasema hapo sasa ni smitten, kwa sababu yeye ndiye aliyetendwa. Akamrekebisha mpaka ile i, ifupishe, Nzisa, si smiiten, ni smitten. Alimrudisha nyuma na kumpeleka mbele mpaka sentensi ikasimama: My husband was smitten, and I did not know, but now he is well. Nzisa akapiga makofi kwa furaha, akamwambia mwalimu kesho asikose kiti cha mbele. Waringa akasema anahisi kichwa kinamuuma, huenda asifike.

Mimi nilifika. Penye watu wengi sikosi.

Nzisa alivaa gauni la zambarau aliloshona mwenyewe, lenye kola nyeupe. Akapewa kipaza sauti. Akasema sentensi yake, na Kiingereza chake kilitoka safi kama cha redio. Kisha kwaya ya vijana ikaanza kutikisika mabega, na kijana mmoja nyuma akauliza kwa sauti, by who? Kanisa likaangua kicheko. Mchungaji alifunika mdomo kwa karatasi za matangazo. Na Nzisa, maskini, akafikiri wanafurahi pamoja naye. Akacheka nao. Kisha, kwa kuwa alidhani hawakusikia vizuri, akalisema tena lote, kwa nguvu zaidi, akinyoosha mkono juu.

Tulipotoka, Eve, yule binti anayeongoza kwaya, alimfuata langoni. Eve ana adabu, hakutaka mama wa watu arudi nyumbani hivyo. Akamshika mkono akamwambia, auntie, samahani, hilo neno siku hizi ni la mapenzi. Mtu akimpenda mwingine mpaka akili ikamruka, ndiyo tunasema smitten. Kwenye vitabu vya hadithi limejaa, kila kijana akimwona msichana kwenye dansi basi ni smitten.

Nzisa akauliza swali moja tu: inawezekana mwalimu wa Kiingereza asiijue maana hiyo?

Eve akacheka kidogo, bila ubaya. Akasema hiyo ndiyo inayojulikana na kila mtu. Ile nyingine ndiyo ya kutafutwa.

Kavindu na akina mama wake walikuwa wamesimama hapo karibu wakisubiri, maana Nzisa alikuwa amewaalika wote kwake, chakula cha shukrani, pilau na kuku na kachumbari. Walisikia. Na palepale kila mmoja akakumbuka kitu nyumbani, huyu ameacha maji yanatiririka, yule ana mgeni kutoka Ziwani. Walimkumbatia mmoja mmoja na kwenda zao, wakiwa wameshafungua simu kabla ya kuvuka barabara. Nzisa akajaribu kumpigia Munyao. Munyao alikuwa ametuma salamu tangu jana kwamba mtumishi ana mkesha, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Tulirudi pamoja, mimi na yeye. Akapanda ngazi, akapita mlango wake, akapita wangu, akagonga wa Waringa.

Basi ndipo hapo tulipoanzia.

Koridoo ilijaa kwa muda mfupi. Waliokuwa wamefua waliacha kukamua. Wahome, fundi wa vyuma anayetengeneza mageti hapo chini, alipanda na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso, na aliposimuliwa habari akasema yeye haoni fumbo lolote. Mteja akija kwangu akataka geti, alisema, nikampa bawa moja na lile lingine nikalificha nyuma ya duka, sijamdanganya, geti ni geti. Lakini mwizi akiingia, huyo mteja arudi amshukuru nani?

Watu wakacheka. Mwingine, sitamtaja kwa sababu bado ananidai sufuria, akaongeza kutoka nyuma kwamba tuache kuzungukazunguka, huyo mtumishi wa Njiru asije akawa yuko papa hapa ghorofa ya pili na diploma yake ya ualimu.

"Si yeye," Nzisa akasema bila kugeuka. "Angekuwa yeye ningefurahi. Ningejua nimeibiwa na mwizi."

Hapo Waringa akakiachia kile kitasa. Aliangalia watu, akaona hatutaondoka, akaanza kueleza. Alisema siku ile Nzisa alipoingia na lile neno mdomoni, aliingia na uso ambao hakuwahi kumwona nao. Akashindwa. Akatoa maana iliyokuwa karibu na isiyoumiza, akidhani ni jambo la kupita kama homa ya mafua, Munyao atarudiwa na akili zake na hakuna atakayekuwa ameumia. Kisha kesho yake baada ya yale maombi Munyao akaja. Alimwomba aiache ile maana ikae vile vile alivyoiweka.

"Na ukakubali," Nzisa akasema.

"Nikakubali."

"Akakupa nini?"

Waringa akatikisa kichwa. Hakupewa kitu. Nikafikiri ameishia hapo. Lakini akasema, akiangalia sakafu, kwamba neno lenyewe Munyao alilitoa kwenye kitabu chake yeye. Alikuwa amemwazima mwezi ule Munyao alipoanza kubadilika, kitabu kisicho na jalada, hadithi ya kijana wa Kiingereza aliyemwona binti wa kinyozi akivuka daraja, akarudi kwao asile wala asilale. Munyao alikirudisha akiwa amepiga mstari kwa penseli chini ya neno hilo. Waringa aliuona ule mstari. Walibishana juu yake, hapa koridoo, Nzisa akiwa amesimama kando: kwamba siku hizi smite na smote zimekufa, hakuna anayezitumia, imebaki smitten peke yake, mjane wa kitenzi. Nzisa alicheka nao siku hiyo.

Nilimtazama Nzisa. Nilijua anaitafuta ile siku kichwani, na nikajua alipoipata.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaongea habari za mume wangu mbele yangu," alisema.

"Sikujua bado ni habari zake. Naapa. Nilijua ulipokuja na neno."

"Halafu ukanifundisha jana. Kwenye kigoda. Ukanifupishia i."

Waringa alijaribu kujitetea. Alisema alikuwa ameshafika mbali, hakujua aanzie wapi kurudi, kila wiki uongo ulikuwa unamea jani. Alisema jana alitaka kumwambia kila mara alipofungua mdomo, na kila mara kilichotoka ni sarufi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakukusudia kulisema mbele ya watu. Alisema kwenye ploti hii yote, baada ya kushinda na watoto wa watu, Munyao ndiye mtu pekee anayeweza kuongea naye kitabu. Angemkatalia, angebaki na nani?

Wahome akashusha macho. Hata yule wa nyuma hakupata mzaha.

"Mimi nilikuwa nani?" Nzisa akauliza.

"Wewe ni rafiki yangu."

"Rafiki yako nilikuogesha. Ulikuwa huwezi kunyanyua mkono, nikakuogesha, nikakusuka nywele ili wanafunzi wako wakija wasikuone vibaya. Sikujua kitabu, nilijua wewe." Sauti yake haikupanda. Ingepanda tungepumua. "Munyao ni mwanamume, nitajua la kumfanya. Wanaume wana jina la hiyo tabia, na mama zetu walituachia maneno ya kuwajibu. Wewe sina neno lako. Nimetafuta tangu langoni mwa kanisa, kwa Kikamba, kwa Kiswahili. Sina."

Akawa kama anayepanga kitu mdomoni. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, akimwangalia mwalimu machoni:

"You smited me."

Na Waringa, Mungu amsamehe, mdomo wa ualimu ukafunguka wenyewe kabla moyo haujauzuia.

"Smote," akasema.

Sijui nikwambie koridoo ilikuwaje. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye suruali ya mtu. Waringa alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi yakamtoka juu ya vidole, akawa anatikisa kichwa kama anayetaka kulirudisha neno ndani. Nzisa hakulia. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, vile alivyokuwa akitikisa kwenye kigoda akirekebishwa.

"Smote," akarudia, vizuri. "Asante."

Akageuka akaingia kwake. Tukasikia vifuniko vya sufuria. Tukasikia bomba likifunguliwa na jagi likijaa. Wahome aliwaambia watu wawili watatu kwamba sinema imekwisha, washuke, lakini yeye mwenyewe hakushuka. Mimi nikamwendea Waringa, nikamwambia aingie kwangu anawe uso. Akakataa. Akasema akiingia ndani sasa hivi hataweza kutoka tena.

Nzisa akatokea. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa na kukifunga kiunoni, lakini lile gauni la zambarau alikuwa nalo bado. Pazia la mlango wake, lile ambalo kila mtu hulisukuma kwa bega akipita, alikuwa amelikunja vizuri akalifunga upande mmoja kwa utepe. Ndani niliona meza imetandikwa, sahani za maua za kabatini zimepangwa kwa ajili ya akina mama wasiokuja, na pilau linatoa mvuke. Alisimama kizingitini, jagi la maji mkono mmoja, beseni mkono wa pili, taulo safi limelazwa begani, kama tunavyosimama tukipokea wageni wa posa au wazee wa kanisa.

Ni lazima nieleze, kwa asiyekaa kwetu. Tangu wahamie ghorofa hii, sijawahi kumsikia Nzisa akimkaribisha Waringa kula. Haikuwepo haja. Waringa alikuwa akitoka shule anaingia kwa Nzisa na viatu mkononi, anafunua sufuria mwenyewe, anapakua akiwa amesimama, anauliza mbona chumvi imezidi. Nzisa naye hivyo hivyo kwa Waringa. Huku kwetu neno karibu ni la mgeni. Wa nyumbani haambiwi.

Waringa naye alilijua hilo. Alipoliona lile taulo begani alirudi nyuma hatua, akaita, "Nzisa," kama anayemsihi asifanye.

Nzisa akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima zote.

"Chakula cha shukrani hakilali, na wageni wangu hawakuja," alisema. "Karibu, Mwalimu. Karibu ndani unawe, ule."